Mpwa Wangu Yuko Mahabusu kwa Neno Langu

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, maana huku Ruangwa nani hanijui. Umri wangu umepita arobaini. Darasa niliishia la tatu, lakini kwenye mashamba ya karanga Nachingwea niliendesha tingatinga ambalo simba walilisikia wakahamia Liwale. Muulizeni yeyote.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu wa Mandawa. Kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto. Akioa, akishitakiwa, anaitwa mjomba. Alinikopa shilingi sabini za biashara ya ufuta, akaniwekea rehani baiskeli yake. Siku moja tunakula kwa dada, nikajigamba: "Ichukue baiskeli yako, mjomba. Mtu niliyeng'oa visiki nusu ya Nachingwea, nitaishikia nini?"

Akaichukua. Mtoto wake alipougua, akaiuza. Deni likabaki.

Watu wakanicheka. "Tingatinga limeliwa na baiskeli." Kwa hasira nikaenda boma kumshitaki. Askari akaniambia, "Mzee, deni tupu ni madai, hafungwi mtu. Lakini akiuza rehani bila idhini yako, hapo ni jela. Ulimruhusu?"

Nikasema, "Sikumruhusu."

Wakamleta barazani na pingu. Alipofika mbele yangu akainama. "Shikamoo, mjomba." Mdomo huu uliokuwa ukiwachekesha wazungu wa karanga ulikosa hata marahaba.

Hakimu akauliza, "Mwenye mtoto huyu ni nani, aje amsimamie?"

Dada yangu, ambaye maneno yangu ya siku ile aliyasikia yote, hakunipinga mbele ya watu. Alininyooshea kidole tu. "Huyo hapo."

Hakimu akatazama jina la mshitaki, akanitazama mimi, akaahirisha kesi mpaka mwezi ujao.

Tangu hapo shikamoo ile hainiachi. Naisikia kisimani, naisikia ndani ya mtwangio wa jirani. Mtoto wa mtu akiniamkia njiani nageuka kama nimeitwa na marehemu, na marahaba haitoki. Nikienda kwa dada ananinawisha mikono, ananitengea chakula, anaingia ndani.

Nikisema kweli, nimeidanganya serikali, nitafungwa mimi, na kucheka watacheka. Nikinyamaza, atafungwa yeye, na mwanawe bado mgonjwa. Mwezi unakwisha huu. Hakimu atauliza tena mwenye mtoto ni nani.

Wasomaji wenzangu, nimjibu nini?