Picha Zisizo na Uzio

Siku hizi Jumamosi asubuhi simu zetu hazilii. Zamani ilikuwa lazima mojawapo ilie, kwa Protas, kwa Mudrick au kwangu, na kabla hujamaliza kusema haloo Elihuruma alikuwa ameshauliza: jua la kwenu likoje? Yeye alikaa Oakdale, mashariki. Sisi wengine tulitawanyika upande wa Minneapolis, hapa Marekani, na alitaka kujua mawingu yanaelekea wapi. Hakungoja jibu refu. Ulisikia funguo zikigongana mkononi mwake, kisha mlango wa gari, kisha simu imekatwa. Usingizi ulikuwa umekwisha kuharibika. Tulimlalamikia sana. Sasa tunaweza kulala mpaka tuchoke, lakini mimi huamka saa ile ile nikabaki nimelala macho, nasikiliza.

Alikuwa akienda kupiga picha katika bustani ya wanyama ya Como, pale Saint Paul. Ndiyo iliyokuwa starehe yake. Wenzake walicheza mpira wa Jumamosi, walichoma nyama, walilala baada ya wiki ya shifti. Yeye alisimama mbele ya simba.

Kwa wasiomjua, Elihuruma alikuwa mhandisi. Alisoma chuo kikuu hapa hapa, akaajiriwa na kiwanda kimoja cha upande wa kaskazini kinachotengeneza vile vifaa vidogo vinavyowekwa kifuani kusaidia moyo kupiga. Kazi yake ilikuwa kupima betri. Alikuwa mwembamba, mwenye mabega yaliyoinuka kidogo kama mtu anayengoja kuitwa, na hakujua kukaa. Ukimkaribisha nyumbani alikunywa chai akiwa amesimama dirishani. Ukimlazimisha kiti, goti lake lilianza kucheza chini ya meza mpaka vijiko vinalia kwenye visahani. Katika miaka niliyomfahamu alihama nyumba mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila alipohamia aliacha maboksi fulani bila kuyafungua.

Alitoka Usangi, milima ya Upare. Usharika mzima ulichangia nauli yake na kumsindikiza kwa nyimbo hadi barabara kuu. Nadhani zile nyimbo ndizo zilizomfunga. Mtu aliyesindikizwa vile harudi hivi hivi. Kila alipopiga simu kwao na kugusia, kwa mbali, kwamba amechoka, kwamba baridi imemwingia mahali ambapo koti halifiki, alijibiwa neno moja: vumilia. Baba yake alisema vumilia. Mchungaji alisema vumilia. Hata dada yake Doris, muuguzi wa Coon Rapids aliyemtangulia kuja na ndiye aliyemvuta, alisema hivyo hivyo huku akimpakulia makande.

Basi akanunua kamera.

Kanuni yake ilikuwa moja: uzio usionekane. Alieleza jinsi inavyofanyika hata kwa asiyeuliza. Unasogea karibu na waya kadiri unavyoruhusiwa, unatumia lenzi ndefu, unalifungua tundu lake mpaka mwisho, kisha unangoja mnyama akae mbali na uzio upande wake. Hapo waya unayeyuka. Unabaki wewe na yeye. Angeweza kusimama asubuhi nzima kwa ajili ya picha moja, yeye ambaye hakuweza kusimama kwenye foleni ya duka. Na alikuwa mkali katika kuchagua. Picha ambayo mnyama anatazama kile kimlango cha chuma anachopitia mtunzaji, aliifuta. "Huyo anangoja," alisema. "Mimi namtaka akiwa amesahau." Wapo waliokataa kusahau kabisa. Dubu mweupe alikwenda na kurudi, akigeuka pale pale kila mara, na Elihuruma alimpita haraka bila kuinua kamera.

Picha alizozipenda alizichapisha dukani, akazitia kwenye bahasha, akampa yeyote anayesafiri kwenda nyumbani. Hakuandika kitu nyuma yake. Yeye mwenyewe hakuwamo hata katika moja.

Mwaka 2007 Mudrick alikwenda likizo. Mudrick ni wa Usangi pia, binamu yake wa mbali, mtu wa mizaha, na alipeleka bahasha nene kuliko zote. Aliporudi tulikusanyika kwa Protas, katika yale maghorofa marefu ya Cedar-Riverside, tule samaki aliowabeba na kusikia habari. Alisimulia harusi, misiba, barabara mpya. Kisha akamgeukia Elihuruma aliyekuwa amesimama kando ya friji.

"Na wewe, Bwana Mifugo, una salamu zako."

Tukacheka kabla hata ya kujua tunacheka nini. Mudrick akaeleza. Mzee Jotham, baba yake Elihuruma, ni fundi seremala na mzee wa kanisa. Picha zote amezitundika sebuleni, katika fremu alizotengeneza kwa mkono wake. Watu wanakuja kuzitazama. Na kwa muda mrefu kuna swali lilikuwa linamsumbua: uzio uko wapi? Mzee alizikagua picha kama anavyokagua maungio ya kabati, akitafuta waya au nondo, akakosa. Simba yuko pale, ndevu zake zinahesabika. Nyuma yake kuna majani makavu, na katika picha moja ndoo na toroli. Nyingine ina theluji. Na simba atafikaje kwenye theluji bila kuwa na mtu wa kumtunza? Mwishowe mtu mmoja wa pale kijijini, aliyewahi kufanya usafi katika kambi ya wawindaji, alisema lililokuwa wazi. Anayepiga picha hii yuko ndani. Na anayekuwa ndani na toroli ni yule anayezoa kinyesi.

Protas alicheka mpaka akaweka sahani chini. Mtu akauliza kama simba wanalipa ovataimu. Mudrick alisema alijaribu kubisha, akaeleza habari za kiwanda na betri za moyo, lakini wazee walimtazama kwa huruma, kama kijana mwema anayemfichia mwenzake aibu.

"Baba kasemaje?" Elihuruma aliuliza.

"Kasema, mwambie aache hiyo kazi. Kama ndiyo hiyo tu iliyopatikana, arudi."

"Kasema arudi?"

"Kasema migomba ipo, na chumba chako kipo."

"Mudrick. Alilitamka hilo neno mwenyewe?"

"Alilitamka, kaka. Mbele ya mama."

Kicheko kilikuwa bado kinazunguka chumbani, lakini Elihuruma alikuwa ameshachukua koti. Aliondoka bila kula. Kutoka dirishani tulimwona kule chini akilipita gari lake mwenyewe, akitembea kuelekea mtoni.

Wiki zilizofuata alikuwa kama mtu mwenye homa isiyopanda wala kushuka. Siku moja aliendesha mpaka Duluth, mbali kaskazini, akalitazama ziwa, akageuza. Alianza kufungua yale maboksi yake ya zamani, akayafunga tena. Jumamosi simu zililia mapema zaidi, na baada ya kuuliza jua aliuliza jambo la pili: hivi wewe ungemwambia ukweli? Nilimjibu kwamba ndiyo, bila shaka, ni baba yake. Alikata simu. Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakipima. Mhandisi aliyefanikiwa angeambiwa avumilie mpaka azeeke. Mzoa kinyesi alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Doris alipozipata habari hakucheka hata kidogo. Yeye ndiye aliyewatangazia watu wa kwao kwamba mdogo wake ni mhandisi. Sasa kina mama wa kwaya walikuwa wanampigia simu kumpa pole. Mmoja aliuliza kama harufu inatoka kwenye nguo. Doris akaamua. Elihuruma atavaa suti na tai, atasimama mbele ya kiwanda, kitambulisho kifuani, naye atampiga picha kwa kamera hiyo hiyo iliyoleta balaa. Picha itakwenda Usangi, na mambo yatakwisha.

Alikwenda naye saa ya chakula cha mchana, akiwa bado na sare zake za hospitali. Elihuruma alimwonyesha kitufe cha kubonyeza. Kisha akasimama mbele ya mlango mkubwa wa kioo, na hakuweza kusimama. Alilegeza tai, akaikaza. Alihamisha uzito mguu hadi mguu.

"Tulia, we mtoto," Doris alimwambia.

Alipiga nyingi. Elihuruma alizipitia kwenye kile kioo kidogo cha kamera, moja baada ya moja, akaifikia ile iliyotoka vizuri kuliko zote: suti imekaa, jina la kiwanda linasomeka, sura ni yake. Aliitazama kwa muda.

"Ona macho," alisema. "Hii ningeifuta."

Doris alitazama. Macho yalikuwa yameelekea pembeni, kwenye mlango. Alimnyang'anya kamera kabla hajabonyeza.

Walikubaliana kwamba kabla picha haijaenda, Elihuruma ampigie baba yake na kumweleza kwa kinywa chake. Jumapili baada ya ibada alikwenda Coon Rapids. Doris alikwangua kadi ya simu, akapiga, akaiweka sauti wazi ili naye asikie. Haya yote Doris mwenyewe alinisimulia baadaye, na hakuyasimulia kwa kujisifu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula."

"Na simba wako, wanakula nini?"

Doris alimwashiria kwa kidole: sema sasa. Elihuruma alikuwa anatembea na simu, dirishani hadi kwenye friji, friji hadi dirishani.

"Wanakula nyama ya farasi, baba."

"Farasi." Mzee alilipima neno hilo. "Wanakujua?"

Elihuruma alifika kwenye friji, akageuka. Alikuwa amesimama mbele yao Jumamosi nyingi kuliko Jumapili alizokwenda kanisani. "Yuko jike mmoja," alisema. "Nadhani yeye ananijua. Nikifika hugeuza kichwa."

"Kuna siku atakuja mpaka ulipo."

"Baba, ile kazi—"

"Sitaki kusikia kazi. Mama yako akifumba macho anamwona huyo jike. Mimi nilizitundika zile picha kwa kiburi, mwanangu, nikidhani unatembea, unaona dunia. Sasa nikipita sebuleni naangalia chini. Tulikutuma ukasome. Hatukukutuma ukaliwe. Rudi."

"Watu watauliza, baba. Wataniuliza nimeleta nini."

"Mlango wa nyumba hii niliuchonga mimi. Nitasimama hapo. Aje mtu aulize."

Doris alikuwa ameshanyosha mkono aichukue aseme yeye, na mkono ukabaki hewani. Mdogo wake alikuwa amevuta kiti. Alikaa, viwiko juu ya meza, na vikombe vilivyokuwa pale havikutikisika.

"Ndiyo, baba," alisema. "Nakuja."

Simu ilipokatika Doris alimwambia kwamba amemdanganya mzee.

"Kaniuliza simba wanakula nini, nikamjibu."

"Elihuruma."

"Basi mpigie wewe, dada. Kadi bado ina dakika. Mwambie mimi ni mhandisi, nina kazi nzuri na nyumba Oakdale. Ataniomba radhi, kisha atasema vumilia. Wewe unajua atasema hivyo. Piga."

Doris aliishika simu. Alisema kwamba alifikiria kina mama wa kwaya, akafikiria miaka yote aliyompakulia makande huku naye akisema neno lile lile. Kisha aliirudisha simu mahali pake na kwenda kuosha vyombo, ingawa vilikuwa safi.

Elihuruma aliaga kazini, akauza gari, akagawa vitu. Yale maboksi yaliondoka yakiwa yamefungwa. Protas alimfanyia chakula cha kumuaga, na safari hii hakuna aliyemwita Bwana Mifugo mpaka alipojiita mwenyewe. Jumamosi yake ya mwisho alikwenda Como kama kawaida. Hakupiga picha. Mudrick, aliyempeleka, anasema alisimama pale mbele ya simba huku mikono iko mfukoni, kisha akasema twende, na alikuwa ameshafika garini kabla Mudrick hajageuka.

Kamera aliiacha. Nilimuuliza kwa nini, maana ndicho kitu pekee nilichowahi kumwona akikitunza. Alinitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. Mzoa kinyesi angeipata wapi kamera ya namna ile?

Sijui kama atakuja kumwambia baba yake. Nimelifikiria sana, hasa Jumamosi, na kila nikifika mwisho wa mawazo hayo narudi mwanzo, kama yule dubu. Doris alikwenda nyumbani Krismasi iliyofuata. Aliulizwa habari za Marekani na simba, akajibu kwamba mdogo wake alifanya kazi ngumu, basi. Anasema picha bado ziko ukutani, isipokuwa ile ya jike, mama aliiondoa. Ile ya suti na tai haikutumwa. Imo ndani ya kamera, na kamera imo ndani ya kabati la jikoni Coon Rapids, nyuma ya sufuria kubwa.

Elihuruma sasa anaishi Usangi, katika nyumba ya baba yake, na anafundisha fizikia katika shule ya sekondari ya kata.