Mabati Yaliyofunika Matofali

Wewe ungeshika kazi ipi: zabuni za serikali au misaada ya vijiji? Jibu bila kujifanya mtakatifu.

Sijawahi kuishukuru foleni ya ofisini, ila juzi pale Kiomboi niliishukuru. Kwenye kaunta ya maendeleo nilimsikia mkuu wa ofisi akimuuliza swali hilo karani wake, binti anayengoja kuthibitishwa kazini.

"Chukua zabuni, dada," mwenzake alimnong'oneza. "Makandarasi watakupa lifti. Misaada ni kuwanyima wazee mabati."

"Si kunyima, ni masharti," mkuu alisema. "Mabati hayatoki stoo mpaka wanakijiji wapandishe ukuta upite madirisha. Pale nataka mtu asiyepindisha. Unaweza?"

Binti alikwaruza meza kwa ukucha. "Naomba zabuni, mzee."

Ndipo akaingia mama mmoja, kuku kwapani. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Namtafuta aliyetupatia mabati kabla hatujaanza ukuta. Tuliyatumia kufunika matofali mabichi ya udongo, mvua ikapita, matofali hayakuyeyuka. Sasa zahanati ya kijiji chetu cha ujamaa imesimama. Nimetumwa nimshukuru."

Ofisi zetu nazijua: akija mwenye malalamiko, wote hutazama chini. Safari hii alikuja mwenye shukrani, wakatazama chini vilevile.

"Nani aliyatoa?" mkuu aliuliza.

Binti akasimama, akampokea mama yule kuku kwa mikono miwili.

"Niliyatoa mimi, mzee. Wingu lilikuwa limeshafunga. Niandike misaada, kama kazi bado ninayo."