Pumba Zilizosagwa Mara ya Pili

Jirani yangu hapa Mpanda anafuga kuku, na kila Jumamosi anasaga pumba kwenye mashine yake ya umeme. Pumba zikirudishwa kusagwa hutoa harufu kavu ya kuungua, inayokaa kooni. Wapita njia hukohoa tu wakaendelea na safari zao. Mimi hufunga dirisha na kukaa kitandani nikilia, mtu mzima mwenye watoto wake.

Kwetu, upande wa Sibwesa, kulikuwa na kinu cha maji. Msicheke, najua wengi wenu mnazijua mashine za dizeli tu. Babu mzaa mama ndiye aliyekijenga kwenye mto wetu mdogo, baada ya kuvuka kutoka Burundi na mama akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Gurudumu alilichonga kwa mninga. Mawe mawili ya kusagia aliyaviringisha kutoka mlimani, na maji akayaleta kwa mfereji aliouchimba kwa jembe la mkono, majirani wakimwona mwendawazimu. Kilipoanza kuzunguka walinyamaza wakaleta mahindi. Wasukuma walifika na mikokoteni ya ng'ombe, Wabende na baiskeli, watu wa kwetu na mizigo kichwani. Ujira ulikuwa bakuli moja la unga kwa kila debe. Mama alijifunza kutembea pale kwa kushikilia magunia, na babu alipofariki, baba ndiye aliyekishika kinu.

Nilipokuwa na miaka tisa, moyo wa mama ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, akawa mtu wa kitandani. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya mto, na kitanda chake kiliwekwa karibu na dirisha, mngurumo wa mawe ukimfikia kutwa nzima.

Mwaka huohuo mashine ya dizeli ikaja njia panda. Ilisaga haraka, na unga wake ulikuwa mweupe na laini. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mavuno hayajaisha vizuri, wateja wetu wote walikuwa wamehamia kule.

Baba hakumwambia mama. Kila asubuhi alishuka mtoni, akafungua lango la mfereji, akamimina pumba juu ya mawe. Akishazisaga, alizikusanya akazisaga tena, kwa sababu mawe yakizunguka matupu hulana yenyewe. Jioni alipanda akiwa mweupe usoni na kukaa ukingoni mwa kitanda.

"Leo umemsagia nani?" mama aliuliza.

"Mama Minza. Debe tatu."

"Yule mtoto wake ameanza kutembea?"

"Kutembea? Anakimbia!"

Mimi nilikuwa pembeni nikipukuchua maharage, aibu ikinichoma mpaka masikioni. Nilikuwa nimeshaona pumba zile kwa macho yangu. Na mwaka ule nilikuwa kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza, chini ya katekista mkali aliyetuambia kwamba anayejua uongo akanyamaza, ameusema yeye mwenyewe. Komunyo ilikuwa Jumapili. Wenzangu walihangaikia magauni meupe. Mimi sikulala vizuri kwa ajili ya pumba.

Alhamisi, baba akiwa mtoni, nilisimama mbele ya kitanda, mikono nyuma, kama darasani.

"Mama, Data anasaga pumba tu," nikasema. Data ndivyo tulivyomwita baba kwa Kirundi. "Watu wote wameenda kwenye dizeli. Mama Minza hajaja siku nyingi."

Nikasubiri kusifiwa. Mama alitazama dirishani.

"Basi umesema kweli, mwana wanje," akasema, akiniita mwanawe kwa Kirundi.

Jioni baba alipokaa ukingoni mwa kitanda, hakuulizwa amemsagia nani. Mama alimwambia, "Pumzika sasa. Mtoto ameniambia." Baba alinitazama mara moja tu. Hakunigombeza. Kesho yake hakushuka mtoni, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti ya maji yenyewe, peke yake. Sikuipenda.

Jumamosi niliungama sukari niliyoiba na kofi nililompiga mdogo wangu. Habari ya kinu sikuitaja. Nilidhani lile lilikuwa tendo jema.

Mama aliishi wiki tano baada ya hapo.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia baba. Mfereji umejaa matete, na mbao za gurudumu zilishakuwa kuni zamani. Tulikaa uani tukipukuchua mahindi, nikaona nikiondoka bila kusema nitakufa nalo. Nikamwomba msamaha kwa kinu. Nikamwambia kwamba nilikuwa mtoto, nilidhani anamdanganya mama.

"Nimdanganye?" Aliacha gunzi lililokuwa mkononi. "Mama yako amekulia kwenye kinu kile. Mahindi na pumba havilii sawa. Alijua siku ya kwanza."

"Sasa mbona kila siku alikuwa anauliza?"

"Ili nimjibu. Nikishamtaja Mama Minza, tunaingia kwa watoto wake, tunaenda kwenye harusi za watu, kwenye ng'ombe waliopotea. Tunacheka. Nyie mlikuwa mnalala, sisi bado tunacheka." Akafikiri kidogo. "Ulivyomwambia, ikawa hatuna pa kuanzia. Tukawa tunaongelea ugonjwa. Ugonjwa tu, mwana wanje. Mwishoni hata huo tukauacha, tukawa tunakaa kimya."

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza kama nimekula, akarudia mahindi yake.

Miaka yote nilikuwa nikijilaumu kwa kukifunga kinu cha babu. Lakini kinu kingekufa tu, dizeli ilikuwa imeshakimaliza. Mimi niliwanyamazisha wazazi wangu, wakiwa bado na wiki tano za kucheka pamoja.