Rosalie na wenye asali wa msitu wa Walikale

Saa kumi na mbili asubuhi, umande wa msitu wa Walikale umeshalowesha kitenge cha Rosalie Mbambu hadi magotini. Daftari lake, ndani ya mfuko wa plastiki, amelibana kifuani, pale mama wengine wanapoficha pesa.

Mbele yake anatembea Mama Pétronille, bibi wa jamii ya Bambuti, wenyeji wa msitu huu. Haachi kumtania.

"Wee mutoto wa boutique, miguu yako iko mulaini sana!"

"Endelea tu, Mama, niko nyuma yako," Rosalie anajibu akihema.

Rosalie, 31, baba yake ni mfanyabiashara mwenye duka Butembo, mama yake Munyanga, wa kabila la Wanyanga wa hapahapa. Kwa Kinyanga cha mama yake, lugha ambayo Bambuti wa hapa pia wanaizungumza, anamtafsiria Katembo, mwanaanthropolojia anayewasaidia Bambuti kuchora ramani na kuomba hati ya msitu wao. Rosalie hulipwa dola nane kwa siku, siku ambazo bunduki zimenyamaza. Mwezi uliopita zilikuwa siku tano.

Safari hii anarekebisha kosa lake mwenyewe. Mwaka jana alipita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Musitu hii iko ya nani?" Wote wakajibu: haiko ya muntu. Naye akaandika hivyohivyo.

"Karani wa ofisi ya ardhi akasoma, akacheka," anasimulia, macho chini. "Akasema, 'Mama, kama haiko ya muntu, njo ya Leta.'" Njo ya Leta, yaani ndiyo ya serikali. "Na kampuni ya madini ilishaomba eneo lilelile. Nililia njia yote. Niliona nimewauza bila kujua."

Katembo hakumgombeza. "Aliniambia, 'Dada, swali njo ilikuwa mubaya. Tuulize wanaombaka nani ruhusa.'"

Wanafika kwenye mti wa nyuki. Shinani pamefungwa fundo la kamba ya porini.

"Mama, nikitaka asali ya hapa, naomba nani?"

"Guylain! Ukipanda bila kuomba, hata mimi nitakuchapa."

"Guylain si alikimbia vita?"

"Iko Mweso na watoto, miaka mbili sasa. Asali iko yake. Angalia fundo lake: nani amegusa?"

Hakuna aliyegusa. Rosalie anaandika. Sasa daftari lina majina arobaini na moja ya wenye miti, tisa kati ya hayo ni ya waliokimbilia Mweso. Bila alama za vidole vyao, sehemu yao ya ramani itabaki tupu, na mafaili yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana Jumatatu, njia ikiruhusu, atamwacha mwanawe kwa dada yake, apande pikipiki kwenda Mweso kupitia Masisi, wino mfukoni.

"Naogopa, sikudanganyi," anasema, kisha anacheka. "Lakini nitarudi na vidole tisa."

Mama Pétronille anamshika mkono.

"Ukimuona Guylain, usianze na karatasi. Umwambie kwanza asali yake tunailinda. Njo atajua tunamungojea."