Beki Hana Kazi Kwenye Penalti

Enzi zetu, sisi wasichana wa Majengo pale Meru mjini, uwanja wa shule ulikuwa wetu jua likishachoka. Sisemi kwa utani. Kengele ya michezo ililia saa kumi, wavulana wakaingia uwanjani, na sisi tukaambiwa tukae kwenye nyasi za pembeni tuwashangilie. Wakimaliza, kama watamaliza, ndipo tuliporuhusiwa kuingia, na wakati huo mlima ulikuwa umeshashusha ukungu wake na mama zetu walikuwa wameanza kutuita tukachote maji. Ninyi mliosoma miaka ile mnajua. Na kama ulikuwa msichana uliyependa mpira, nadhani unasaga meno sasa hivi kama ninavyosaga mimi.

Mpira wenyewe tulijitengenezea. Rafiki yangu Mwanaisha alikuwa binti wa Mzee Salim, mwenye bucha karibu na msikiti, na mzee huyo alikuwa akituwekea kibofu cha ng'ombe kila alipochinja. Tulikiosha kwa majivu, tukakipuliza kwa ganda la kalamu, tukakifunga kwa uzi. Kilinuka, msiniulize. Kisha tulikipeleka kwa baba yangu, fundi wa viatu aliyekuwa na kibanda kando ya barabara ya kupanda Kinoru, naye alikishonea koti la ngozi kutoka kwa mabegi na viatu ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Ulikuwa mpira mzito. Ukilowa mvua na ukaupiga kichwa, uliiona Gachoka ukiwa umesimama Meru. Vijana wa leo wananunuliwa mpira wa duka na bado wanauogopa kichwani kwa sababu utawaharibia mitindo ya nywele.

Nimeitaja Gachoka kwa sababu ndiko kwao baba, kule Mbeere kwenye jua kali na ndengu. Mama yangu ni Mmeru, wa huku juu kwenye migomba na baridi. Kwa desturi ya kina baba, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na hivyo nikaitwa Wawira kama nyanya yangu. Tangu siku hiyo baba hajawahi kuniita mwanangu. Ananiita Mama. Nikiwa bado sijaota meno ya mbele, alikuwa akinisalimia kwa heshima na kuniuliza kama amenunua nyama ya kutosha, kwa mzaha, ila si mzaha kabisa. Kuchapwa nilichapwa na mama mzazi, tena kwa mwiko. Baba hakuweza, kwa kuwa mtu hamchapi mama yake.

Na kwa sababu hiyohiyo baba hakuja kunitazama nikicheza, hata mara moja. Alitushonea mipira, alinishonea njumu kutoka kwa viatu vya shule, akazipigilia meno ya vipande vya tairi. Lakini nikimwomba aje uwanjani, alitikisa kichwa. "Nikae hapo nikitazama watu wakimpiga mama yangu mateke?" alisema. "Hiyo hapana. Wewe enda, utaniambia ukirudi." Nikirudi nilimweleza mchezo wote huku akigonga misumari, naye aliuliza tu kama nimeumia.

Likizo tulishuka Gachoka kwa nyanya. Alitupikia ndengu na kunde, akatupa uji wa mtama kwenye kibuyu, akatutuma kulinda mbuzi mchana kutwa. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kwamba anayelinda boma hasifiwi mpaka siku fisi aingie. Nilipokuja kuwa beki nilimwelewa.

Ubeki wangu niliupata kwenye lile giza letu. Mkicheza saa kumi na mbili na nusu chini ya ukungu, mpira hauonekani vizuri, na hasa ukiwa wa ngozi nyeusi. Mwanaisha alikuwa mshambuliaji, mwenye mbio kana kwamba mbwa anamfuata, na njia pekee ya kumzuia ilikuwa kuacha kuutafuta mpira na kukitazama kiuno chake. Miguu hudanganya. Kiuno hakidanganyi. Kiuno kikigeuka, mwili wote unafuata. Baadaye makocha waliosomea kazi hiyo walinisifu kwamba nina jicho. Walidhani ni kipaji, na mimi sikuwaambia kwamba ni matokeo ya kunyimwa mwanga.

Aliyetunyima alikuwa Mwalimu Mutwiri, mwalimu wa michezo. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alikuwa mpole, akituita mabinti zangu, akitugawia machungwa ya kushangilia. Mwanaisha alipomuuliza kwa nini tusicheze kwanza siku moja tu, alicheka akasema, "Wasichana mna wakati wenu. Subirini." Mwanaisha alisubiri mpaka akaolewa.

Mimi niliendelea. Nilicheza Nairobi, nikacheza Tanzania, nikacheza Ulaya kwenye nchi za theluji, nikilipwa kwa kazi hii hii ambayo mama alikuwa akiniuliza, "Hiyo mpira utakula?" Siku ya kwanza ya ligi kule Nairobi tulicheza saa nane mchana. Nilitazama chini nikaona kivuli changu kifupi karibu na njumu, nikashangaa. Sikuwahi kucheza mechi nikiwa na kivuli kama kile pale shuleni. Wenzangu walidhani nalia kwa furaha, lakini nililia kwa hasira. Nilikuwa nikihesabu moyoni wasichana wote wa Majengo waliokuwa na mbio kunishinda, na waliokaa kwenye zile nyasi hadi wakachoka kukaa.

Goti liliponigomea nikarudi nyumbani. Mwaka jana Mwalimu Mutwiri, sasa mstaafu mwenye mvi na mwenyekiti wa kamati ya michezo ya mtaa, alinipigia simu. Walitaka kuanzisha mashindano ya shule, wavulana na wasichana, na kombe la wasichana liitwe Kombe la Wawira. Nilikubali kwa sharti moja tu: siku ya fainali wasichana wacheze kwanza. Akasema nisijali, hayo ni madogo. Nilipomweleza baba, aliweka chini nyundo. Jina la mama yake litatangazwa kwenye kipaza sauti. Akasema safari hii atakuja.

Alikuja mapema, kwenye uwanja wetu uleule wa shule, amevaa koti la zamani la suti na viatu alivyoving'arisha mwenyewe. Fainali ya wasichana ilikuwa kati ya Majengo na Gachoka, walioalikwa kwa heshima ya nyanya, na baba hakujua ashangilie nani. Saa nane, saa ya wasichana, wageni rasmi hawakuwa wamefika. Saa tisa walifika, wakaanza kuzungumza. Mwalimu Mutwiri alinisimamisha mbele ya watu akasema mcheza kwao hutunzwa, na kwamba yeye ndiye aliyenilea kimpira kwenye uwanja huu. Watu wakapiga makofi. Kisha ikatangazwa kwamba, kwa kuwa wageni wana haraka, wavulana wataanza.

Wavulana wenyewe mngewaona. Njumu za rangi ya waridi, soksi zimekatwa kwa nyuma, na kila mmoja ana namna yake ya kusherehekea bao aliyoifanyia mazoezi kuliko kulifunga. Wakiguswa kidogo wanaanguka na kubingirika kama gunia la viazi lililodondoka kwenye mkokoteni. Wakatoka sare, wakaongezewa muda. Na muda wote huo wasichana walikuwa wameketi kwenye nyasi za pembeni na jezi zao, wakila mandazi, wakishangilia. Nyasi zilezile.

Nahodha wa Majengo alikuwa Kendi, msichana mrefu, beki wa kati. Alinijia taratibu pale kwenye hema la wageni, huku ukungu ukishuka. Alisema kamati imewaambia jua linazama, kwa hiyo wasicheze, wapige penalti tano tano, mshindi apatikane, watu waende nyumbani.

"Sasa madam," akaniuliza, "beki kwa penalti anafanya nini?"

Kama kuna mahali pamoja beki hana kazi duniani, ni hapo. Hapo anasimama katikati ya uwanja, amewashika wenzake mabega, anaangalia. Msichana huyo alikuwa amejifunza mwaka mzima kufanya kazi ambayo nusu ya watu hawaioni, na siku ya siku wanaiondoa kazi yenyewe.

Kombe la wasichana lilikuwa mezani mbele yangu, likisubiri nilikabidhi. Nililichukua nikaliweka chini ya kwapa, nikaenda kusimama katikati ya uwanja. Refa alikuja, nikamwambia tunacheza. Mwalimu Mutwiri akaja akitabasamu, akanikumbusha kwamba wageni wanasubiri na giza ni la Mungu, si lake. Nikamjibu kwamba giza ni la Mungu ila ratiba ni yake, na kwamba sitoi kombe lenye jina la nyanya yangu kwa mechi ambayo haikuchezwa. Tabasamu likatoweka usoni mwake. Akafanya kile ambacho wanaume wa kwetu hufanya wakishindwa na mwanamke: akaenda kumtafuta baba wa mwanamke.

Niliwaona wakizungumza hemani, kisha wakaja wote wawili, baba akitembea polepole kwenye nyasi zenye umande. Kusema kweli niliogopa. Baba ni mtu wa amani, na Mwalimu alikuwa mteja wake wa miaka mingi.

"Mzee, zungumza na binti yako," Mwalimu akasema. "Anatuaibisha mbele ya wageni."

Baba aliangalia huku na huku kama anayemtafuta mtu.

"Mwalimu, mimi hapa sina binti," akasema. "Huyu ni mama yangu. Mama akisema watoto wacheze, mimi ni nani nimwambie hapana?"

Hakuinua sauti. Alitoa leso, akapangusa mkono wa kombe mahali nilipolichafua kwa jasho, akarudi kuketi. Wazee wa Gachoka waliokuwa wamekuja na timu yao wakaguna kwa kukubali, kwa sababu wanajua desturi, na mambo ya mtu na mama yake hayaingiliwi. Mwalimu alibaki amesimama. Wageni rasmi wakaingia kwenye magari yao wakaondoka.

Refa akapuliza. Wasichana wakacheza. Kendi alimzuia mshambuliaji wa Gachoka mara kwa mara, akimtazama kiuno, na hakuna aliyemfundisha hivyo isipokuwa giza lilelile lililonifundisha mimi. Lakini mchezo haukufika mapumziko. Mpira ulipopotea kwenye mitaro kwa mara ya pili na hakuna aliyeuona ulikoingia, refa alisimamisha. Bila kwa bila. Wasichana wa Gachoka walikuwa na safari ndefu ya kurudi Mbeere, wakabeba mifuko yao. Kendi alivua njumu akanipa mkono.

Njiani kurudi Majengo nilimuuliza baba, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kwanza uwanjani, ameuonaje mpira wa wasichana.

"Sikuona kitu, Mama," akasema. "Kulikuwa giza. Na wewe ulicheza hivyo miaka yote?"

Nilimshika mkono asijikwae, tukaendelea na safari.

Kombe liko kwenye kibanda chake hadi leo, juu ya rafu, kati ya dawa ya viatu na nyuzi. Kamati imetuma watu walichukue mara kadhaa. Baba anawakaribisha, anawapa kigoda, kisha anawaambia waende wamuulize mama yake, na mimi nawajibu lilelile: saa nane mchana, wasichana kwanza, mechi nzima. Wanasema watalifikiria mwaka ujao.

Enzi zetu tulikuwa na kibofu cha ng'ombe, njumu za tairi na baba mmoja wa kutushonea. Wasichana wa siku hizi wana mpira wa duka, jezi zenye majina mgongoni, simu za kujipiga picha, na kombe linaloitwa kwa jina la nyanya yangu. Nawatania kwamba wameletewa kila kitu. Lakini nikipita pale shuleni jioni nawakuta pembeni, wameketi kwenye nyasi, wakiwangoja wavulana wamalize.