Ndege ya Tyubu ya Trekta

Likizo hii nilipita mjini nikakuta jamaa amefungua chumba cha michezo ya kompyuta. Kwa umati uliokuwa mlangoni ungedhani kuna mwizi kashikwa. Ndani kulikuwa na kijiti cha kuendeshea ndege ya kivita, ametumiwa na ndugu yake aliye ng'ambo, na sifa yake ni moja: kinashindana na wewe. Ukikata kona ghafla kinakuvuta mkono. Ukipiga risasi kinatetemeka. Vijana wakubwa, wenye ndevu, walikuwa wanakishika na kuruka nyuma kama waliochomwa na mwiba wa kambare.

"Hii ni teknolojia mpya, boss," mwenye chumba akaniambia. "Hujawahi kuona."

Nikamwambia niliiona nikiwa darasa la tano, mtaani kwetu Obunga, na ilikuwa inakula ugali. Akanitoa nje. Alidhani namchezea, na kusema kweli rekodi yangu shuleni inamuunga mkono. Lakini siku hiyo nilikuwa nasema ukweli mtupu, rafiki yangu, na kwa kuwa yeye hakutaka kusikia, nakusimulia wewe.

Obunga niliyoijua mimi ilianza na sauti ya mafuta. Kabla jogoo hajajipanga, dani, yaani nyanya yangu, alikuwa ameshatia mgongo wazi kwenye karai. Kama hukulelewa upande wetu nikueleze: viwanda vinachukua minofu ya samaki wa mbuta na kuipeleka kwa wazungu, sisi tunabaki na kichwa, mkia na mifupa ya katikati, tunakaanga, tunalamba mpaka paka anatutazama kwa chuki. Moshi ulipanda rangi ya samawati ukakaa chini ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga. Juu ya mabati hayohayo korongo walitembea mikono nyuma, kama walimu wa zamu, wakingoja kichwa kidondoke. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza. Nikichoka kuwafukuza, niliwapigia saluti.

Mlango wa pili kutoka kwetu, katika nyumba pekee ya safu yetu iliyokuwa na stima, aliishi Mzee. Aliwahi kuwa fundi wa ndege za kivita jeshini. Alivyotoka huko sisi watoto hatukujua. Ukiuliza, watu wazima walikumbuka ghafla kwamba kuna nguo za kuanua. Tulipomzoea alikuwa ameshapigwa na kiharusi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Mtoto wake wa kiume, karani huko Bondo, akamletea kompyuta kuukuu iliyokuwa inatupwa ofisini kwao, ili baba yake asiwe anaongea na ukuta. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa ndege za kivita, na kando yake kijiti cha plastiki cha kuziendeshea.

Sikudanganyi, ule mchezo haukuwa na sura. Ardhi ilikuwa kijani tupu, kama kitambaa cha meza ya kanisa. Milima ilikuwa pembetatu. Adui alikuwa kidoti, na ukimkaribia anageuka kisanduku. Lakini ukikaa chumbani mle mchana, pazia limeshushwa, feni inazunguka kwa uvivu, ile rangi ya kijani ikitambaa ukutani na usoni mwa Mzee, ungehisi nyumba imeng'oka polepole kutoka Obunga na sasa inaelea juu ya ziwa, na sauti ya mafuta ya dani inabaki chini, mbali, ikichirizika kama mvua ya watu wengine. Nimelala bwenini mara nyingi nikiitafuta hisia hiyo. Nimepata kunguni tu.

Mzee alipaa vizuri. Maadui aliwapiga vizuri. Tatizo lake lilikuwa kutua. Kile kijiti kilikuwa chepesi kama kijiko cha chai, na mkono wake haukusikia kitu chepesi. Akitaka kukisukuma kidogo, kinakwenda chote, na ndege inaingia ardhini kama jembe. Alianguka asubuhi, akaanguka baada ya chai, akaanguka tena watu wakirudi kutoka sokoni. Binamu yangu, ambaye alikuwa mnene na hakuwa na adabu, akamuuliza:

"Mzee, si uachane na kutua? Wewe piga adui, watu wafurahi."

Mzee aliuweka ule mkono uliolala mapajani, akaupanga kama mtu anavyopanga mtoto.

"Kupaa ni kelele tu," akasema. "Nimekaza nati za hizo ndege miaka na miaka, na hakuna siku mtu alinipakia. Fundi anabaki chini. Wao wanaenda, wewe umesimama na spana, unaangalia juu mpaka shingo inauma, unajiuliza kama ile ya mwisho uliikaza. Mimi nataka kurudisha moja. Moja tu, na mkono huu."

Hatukucheka, jambo ambalo kwetu lilikuwa ugonjwa.

Dada yangu mkubwa alikuwa mtu wa kusikiliza bila kusema. Kesho yake alikuja na mikanda ya blada, ile mipira ya tyubu za baiskeli ambayo watu hufungia kreti kwenye keria. Akakifunga kijiti pande zote, akapitisha mikanda kwenye matundu ya meza, akaingia chini na kuishika. Mzee akasukuma. Dada akavuta huko chini. Uso wa Mzee ukafunguka, upande ule ambao bado ulikuwa unafunguka.

"Ahaa," akasema. "Sasa kuna mtu."

Kuanzia hapo dada akawa upepo. Mzee alimfundisha: ndege ikienda mbio usukani unakuwa mzito, wewe vuta, mwendo ukipungua, legeza, ukiisha kabisa, uwe kama mkono wa mtoto aliyesinzia. Dada alilala chali chini ya meza, mikanda imezungushwa viganjani, kipande cha kioo kimeegemezwa ukutani ili aione skrini. Namba za mwendo zilisomeka kinyume kiooni. Akazizoea hivyohivyo, na mpaka leo ukimwandikia namba anageuza kichwa kidogo.

Kiti kilikuwa wazo langu, kwa hiyo kilikuwa na hatari. Tulitoa kiti cha lori bovu, tukakipigilia kwenye ubao, na ubao tukauweka juu ya tyubu ya trekta ambayo tulikuwa tunaogelea nayo ziwani. Mzee akakalishwa juu. Mimi nikashika ubao kushoto, binamu akashika kulia, tukawa ndio anga.

Na hapo ndipo tulipojulikana kuwa watoto wa ziwa. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda ndege. Chombo pekee tulichojua kuwa kinayumba ni mtumbwi. Kwa hiyo Mzee alipopaa tulimpandisha na kumshusha, puu, puu, kama anayevuka mawimbi. Alipokata kona tulimlaza ubavu mpaka akashika pazia. Binamu alinguruma kama injini ya boti. Mimi, nisiyejua kuacha kitu kizuri kilipofika, nikachovya mkono kwenye ndoo nikamrushia maji usoni.

Mzee akajifuta taratibu.

"Vijana," akasema, "mnanipeleka vitani ama kuvua?"

"Tulikuwa tunapita ziwani, Mzee."

"Juu yake, kijana. Juu yake."

Akatufundisha upya. Marubani walikuwa wanamwambia wakishuka, shati limelowa jasho, kwamba kona haikuyumbishi bali inakukandamiza: shavu linashuka, mkono unakuwa jiwe. Basi akikata kona tukawa tunamkandamiza mabega mpaka tyubu inalia. Akiteremka ghafla tunamwachilia, tyubu inamrusha, na tumbo lake linabaki nyuma kidogo. Akipigwa risasi, mimi napiga debe nyuma ya kiti kwa gunzi la mahindi, na hiyo kazi niliifanya kwa moyo wote, hata adui akiwa amekosa. "Huyo hakunipata," Mzee alilalamika. "Alikupata, Mzee, ni wewe hukuona."

Dani alichungulia mara moja. Akaona mjukuu mmoja chini ya meza na wawili wakimtikisa mgonjwa, akasema kitu kinachotetemeka hivyo kipelekwe kanisani. Kisha akaingiza sahani ya samaki na ugali, maana, alisema, hata pepo lazima ale. Tulikula kwa zamu, hewani, mikono imejaa mafuta, na kijiti kikawa na harufu ya mbuta ambayo haikutoka tena.

Ule mkono ukaanza kukumbuka. Sio sana. Lakini uliposhindana na dada ulijua kama umesukuma kidogo au umesukuma mno. Siku moja Mzee aliigusa barabara ya kutua, ndege ikadunda, ikapitiliza, ikalipuka. Alisherehekea mlipuko huo kama harusi.

Likizo ikawa inaisha, na mtoto wake akaja na pikapu kutoka Bondo. Nyumba ya Mzee kule bomani kwao ilikuwa tayari, kuna mtu wa kumpikia, kuna hewa. Stima haikuwepo. Hakuna aliyelitaja hilo, ila sote tulilijua. Alasiri hiyo vitanda vilikuwa vinatolewa, na chumba kilianza kuwa na mwangwi.

"Nipatie moja ya mwisho," Mzee akasema.

Mtoto wake akatazama mawingu yaliyokuwa yanashuka kutoka milima ya Nandi. "Baba, mvua itatukuta njiani, Kisian."

"Itukute."

Tukapanga anga yetu. Mzee akapaa, dada akavuta, mimi na binamu tukashika. Safari hiyo hakutafuta adui. Alizunguka tu juu ya kile kijani, mbali na milima ya pembetatu, kwa muda mrefu, kama mtu anayeaga shamba. Kisha akageuka, na barabara ikatokea mbele yake, kijistari cha kijivu. Ikakua. Dada akaanza kulegeza. Nje radi ikapiga mahali karibu, na stima ikapotea.

Skrini ilijikunja ikawa nukta, nukta ikafa. Feni ikazunguka, ikazunguka, ikasimama. Binamu akafungua mdomo, nikamkanyaga.

Mzee hakugeuka. Alikuwa anatazama ile skrini nyeusi.

"Mwendo?" akauliza.

Kutoka chini ya meza, sauti ya dada: "Unapungua vizuri, Mzee."

Na kweli, akalegeza kidogo. Mvua ikaanza kwenye mabati, ile mvua yetu isiyonyunyiza kwanza, ikawa injini kubwa kuliko zote tulizowahi kuziiga. Dada akavuta mkanda wa kushoto. "Upepo wa kando," Mzee akasema, na ule mkono uliokuwa umelala ukarudisha kijiti katikati, taratibu, bila kupitiliza. Hakuna aliyekuwa amemwambia dada afanye hivyo. Mimi nikatafuta kwa vidole mdomo wa tyubu, pale pa kujazia upepo, nikabonyeza kwa kucha. Sauti sikuisikia kwa sababu ya mvua. Nilihisi tu pumzi baridi kwenye kiganja, yenye harufu ya mpira na maji ya ziwa, na kiti kikaanza kushuka.

"Polepole," Mzee akasema. Sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Mtoto wake alikuwa amesimama mlangoni na godoro kichwani. Dada akaachilia, akaachilia. Kiti kikashuka. Ubao ukagusa sementi kama sahani inavyowekwa mkekani na mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

Mzee alikaa na mkono kwenye kijiti muda kidogo. Kisha akautoa.

"Abiria washuke kwanza," akasema. Nasi tukatoka mvuani, mmoja mmoja, tukiwa wapole kuliko tulivyowahi kuwa.

Aliondoka jioni ile, na huko Bondo ndiko alikozikwa. Nyumba yake sasa ni saluni. Safu yetu imebomolewa nusu, watu wengi wana stima na hakuna anayeshangaa nayo. Tyubu ilichukuliwa na vijana wa ufuoni, lori bovu likauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Dani mgongo unamsumbua, hakaangi tena ila akitembelewa, na korongo wamehamia kwingine bila kuniaga, licha ya saluti zote zile.

Tukikutana, binamu anasisitiza kwamba ile haikuwa kutua. Kompyuta ilikuwa imezima, anasema, na bila kompyuta hakuna ndege, kulikuwa na mzee kwenye kiti cha lori. Dada anamjibu kwamba yeye hakuachilia mikanda mpaka ndege ikawa chini, kwa hiyo anyamaze. Wanabishana hivyo mpaka chai inapoa, na mimi nawachochea pande zote mbili, maana hiyo ndiyo kazi yangu katika ukoo. Lakini nikiwa peke yangu sibishani na mtu. Nilikuwa nimepiga magoti pale sakafuni, giza la mvua limeingia chumbani, sioni skrini wala barabara. Nilisikia uzito wa mtu mzima ukishuka kupitia mikono yangu, taratibu, bila kukurupuka, mpaka mikono ikawa haina tena cha kubeba.