Moto wa Samadi

Mwezi uliopita nilirudi Wabera, mtaa wetu kule Isiolo, kuwasimamia vijana wanaochimba choo kipya nyuma ya nyumba yetu ya zamani. Kabla ya saa nne sururu iligonga saruji. Wakafukua, wakaona kitu cha mviringo kama chungu kilichofunikwa. Mmoja aliruka nyuma akaniuliza, "Mama, hii ni kaburi?" Nikamwambia hapana, ni jiko. Walinitazama kama mtu aliyeanza kupotewa na akili, na sikuwalaumu. Wao hawakuwa na muda wa kusikiliza, basi nitakueleza wewe.

Miaka ya mwanzo ya themanini mama yangu alikuwa na kifua kibaya. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mabati chenye mafiga matatu, na kila akipuliza kuni alikohoa mpaka akashika ukuta. Daktari alimwambia baba waziwazi kwamba moshi utammaliza. Baba alikuwa mfugaji, ana ng'ombe saba pale nyumbani, na si mtu wa kukimbilia mambo mapya. Lakini siku mtu wa mradi fulani alipopita akisema mavi ya ng'ombe yanaweza kupika, baba ndiye pekee mtaani aliyemkaribisha chai. Wakachimba shimo, wakalijengea saruji, wakapitisha bomba hadi jikoni. Bayogesi. Hata yule mtu wa mradi alikiri kuwa Isiolo hajawahi kuijaribu.

Kazi ya kulilisha shimo ilikuwa yangu. Kila asubuhi kabla ya shule nilizoa mavi yangali na joto, nikayatia kwenye pipa na maji, nikayavuruga kwa mikono mpaka mabonge yaishe. Darasani wenzangu walijua nimeingia kabla hawajaniona. Jirani alitucheka eti tutakunywa chai ya mavi, na nyanya alikataa kikombe cha kwanza. Alikinusa, akakigeuza, akakinusa tena. Cha pili alikiomba mwenyewe.

Moto wenyewe ulikuwa wa samawati, ukivuma polepole. Mama alikaa karibu nao akimimina rojo la anjera, mikate yetu myembamba, kwenye kikaango, na kikohozi kikapungua. Jioni moja nilimsikia akiimba jikoni, nikasimama nje na karai langu nisimkatize. Sikujua kumbe mama yangu anajua kuimba. Nilifurahi mpaka nikalia.

Kisha mvua ikakosa, mara moja, halafu mara ya pili. Desturi yetu wakati wa kiangazi iko wazi: mifugo inapelekwa fora, kambi za mbali kwenye malisho, na nyumbani hubaki mmoja au wawili wa maziwa. Majirani walisukuma ng'ombe wao kuelekea Biliqo. Baba hakusukuma, kwa sababu shimo lilitaka mavi ya ng'ombe wote saba kila siku.

Amu yangu, mdogo wake baba, alikuja kuwachukua.

"Salaam aleikum. Ng'ombe iko wapi? Sisi tunatoka kesho."

"Yangu inabaki," baba akasema.

"Hii ng'ombe ni ya maziwa, si ya mavi! Itakufa hapa, wewe."

"Na huyu mama akirudia moshi?"

Amu alitazama jikoni, akaenda zake.

Jirani alisema mshika mbili moja humponyoka. Baba zilimponyoka zote. Ng'ombe walikula katoni za madukani, mavi yakawa makavu na machache, nami nikawa namwagia shimo maji huku ndama akinitazama kwa kiu. Nilichukia lile shimo. Siku moja nilimnywesha ndama kwa siri maji yaliyokuwa ya shimo, na kesho yake moto ulipofifia niliamini ni mimi niliyeuzima. Ng'ombe wa mwisho alipoanguka, bomba lilikuwa limeshanyamaza. Ukoo huwachangia mifugo wale waliofilisika kwa ukame, lakini kwetu wazee walisema huu haukuwa ukame, ulikuwa ukaidi.

Mafiga yakarudi. Sasa nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Baba aliingia jikoni. Mwanamume wa kwetu, na kofia yake kichwani, alichuchumaa akapuliza kuni machozi yakimtoka, mama akiwa ameketi nje penye hewa. Siku hizo lilikuwa jambo la kuchekwa mpaka kwa wajukuu. Leo wanangu wa kiume wanapika na hakuna anayegeuka kuwatazama. Aibu ile imekwisha, na waliokufa nayo wamekwenda nayo. Lakini mama hakutaka mumewe achekwe. Kila aliposikia hodi alinyanyuka mbio, akamsukuma baba nje kwa nyuma, akachuchumaa mwenyewe motoni mpaka mgeni aondoke. Na kwetu wageni hawakukosekana.

Mama alifariki kabla ya mvua. Siku ya matanga mzee mmoja alisimama kumsifu: alikuwa mwanamke wa heshima, alisema, mumewe hakuwahi kuonekana jikoni hata siku moja. Watu wakaitikia. Baba aliinamisha kichwa, akaitikia pamoja nao.